Kidonda kimezibwa, asidi iko palepale

Wiki ya tatu baada ya upasuaji wa kidonda cha tumbo kilichotoboka niliacha dawa za kupunguza asidi. Tumbo limeshafunguliwa na tundu limezibwa, nikajiambia, asidi itatoka wapi tena? Haikupita miezi miwili nikaamka usiku wa manane nimejikunja, moto uleule chini ya chembe cha moyo.

Daktari hakunigombeza. Alichora mfuko kama kibuyu nyuma ya karatasi ya majibu, akatia kitone karibu na mwisho wake. "Palitoboka hapa. Tukapaziba kwa kipande cha mafuta ya tumboni, basi. Panapotengenezwa asidi hatukupagusa."

Kumbe operesheni za vidonda vya tumbo hazifanani. Ipo ya kukata neva ya vagasi, ile inayoleta amri ya kumwaga asidi kutoka kwenye ubongo. Asidi hupungua sana, ila neva hiyohiyo ndiyo husaidia tumbo kusukuma chakula, kwa hiyo mara nyingi daktari hulazimika kupanua na mlango wa kutokea. Ipo pia ya kuondoa sehemu ya chini ya tumbo, inakotoka homoni ya gastrini, mchochezi mwingine wa asidi. Siku hizi zote mbili ni nadra, tangu zije dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli na tangu Barry Marshall na Robin Warren waonyeshe, miaka ya 1980, kwamba bakteria H. pylori ndiye chanzo kikubwa cha vidonda hivi.

Mjomba wangu alikatwa sehemu ya tumbo zamani. Shida yake ni kinyume cha yangu: akila kitu chenye sukari nyingi, chakula kinateremka upesi mno kwenye utumbo, anatoka jasho, moyo unamwenda mbio. Madini ya chuma hayanyonywi vizuri asidi ikiwa kidogo, na vitamini B12 anachomwa sindano.

Kwa hiyo kabla hujatoka wodini, uliza umefanyiwa nini hasa, na uandikiwe. Uliza pia kipimo cha H. pylori. Kama ni cha pumzi au choo, omeprazoli husimamishwa wiki mbili kabla, kwa ruhusa ya daktari, la sivyo majibu yanaweza kukudanganya. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu zinazoweza kuleta vidonda, usijinunulie tena. Choo kikiwa cheusi kama lami, huenda ni damu ya tumboni: nenda hospitali, usingoje kesho.

Mimi nilikutwa naye huyo bakteria. Nikameza dawa siku 14, mdomo mzima ukiwa na ladha ya shaba, na safari hii sikuruka hata kidonge kimoja.