Mwanao Akinyimwa Ruhusa ya Kwenda Msalani, Anza na Mwalimu wa Darasa

Chupa ya maji ndiyo iliyonifumbua macho. Binti yangu, akiwa gredi ya tatu, alianza kurudi nyumbani Nyalenda na chupa ikiwa imejaa vilevile nilivyomjazia asubuhi. Na jua la Kisumu la Februari mnalijua. Nilipombana akasema, "Mama, nikinywa nitashikwa na mkojo, na mwalimu akikataa nitajikojolea mbele ya watu."

Huyu mtoto ana selimundu, ugonjwa ambao huku wengi tunauita siko seli. Umeenea sana ukanda huu wa ziwa kwa sababu ya malaria: aliyerithi jeni moja tu hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali, basi jeni hiyo ikadumu vizazi na vizazi. Anayerithi mbili, kutoka kwa baba na kwa mama, ndiye mgonjwa. Anatakiwa anywe maji kwa wingi, maana akikaukiwa chembe za damu hujikunja na kuziba mishipa, na hapo maumivu ya mifupa huanza. Figo zake nazo hushindwa kubakiza maji mwilini, kwa hiyo mkojo humjia mwingi na mara kwa mara. Ukimwambia asubiri kengele, umemwambia asinywe maji.

Hata mtoto asiye na ugonjwa wowote hafai kuzoea kubana. Kibofu cha mtoto wa miaka minane hubeba takriban mililita 300, sawa na soda ndogo ya chupa. Mkojo ukikaa sana bakteria huzaana, na wasichana huumia zaidi kwa kuwa njia yao ya mkojo ni fupi. Anayebana haja kubwa naye huishia kufunga choo.

Shuleni nilienda alasiri, masomo yakiwa yamekwisha. Asubuhi mwalimu ana kelele za kila upande. Usimwendee wakati huo. Sikubeba Katiba mkononi. Nilibeba barua ya kliniki, nikaeleza habari ya figo na maji, kisha nikanyamaza nimsikilize. Alikuwa na yake ya kusema, na mengi yalikuwa kweli. Darasa limejaa hadi watoto wanne wanabanana kwenye dawati moja. Akimruhusu mmoja, watano wananyoosha mkono. Wapo wanaoenda "msalani" na kuonekana uwanjani wakipiga mpira.

Tukakubaliana hivi: binti yangu akae karibu na mlango, na akitaka kutoka aweke rula nyekundu pembeni mwa dawati kisha aende, bila kuomba kwa sauti. Kwa wengine, mwalimu alitundika kipande cha kadibodi kwenye msumari mlangoni. Anayetoka anakibeba, na mwingine hatoki mpaka kirudi. Vurugu alizoziogopa zilipungua sana. (Kadibodi yenyewe ililowa na kubadilishwa mara nyingi, lakini hilo ni dogo.)

Kuna kosa ambalo wazazi hatulioni: tunamlaumu mwalimu wakati tatizo ni vyoo. Serikali ya Kenya inataka choo kimoja kwa wasichana 25 na kimoja kwa wavulana 30. Nenda uhesabu milango ya shule yako, kisha simama hapo wakati wa mapumziko uone foleni. Kengele inalia wa mwisho hajaingia, naye ndiye atakayeomba ruhusa dakika kumi baadaye. Mvua ikinyesha, vyoo vya shimo vya mitaa ya bondeni na kule Kano hujaa maji na foleni inakuwa ndefu zaidi. Jambo hilo lipelekwe mkutano wa wazazi na kwa bodi ya shule. Huko ulizeni pia kuhusu sodo: tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017, serikali ina wajibu wa kuwapa wasichana wa shule bila malipo, na msichana aliye kwenye hedhi hawezi kungoja kengele.

Sheria nayo ina mahali pake. Mtoto akiadhibiwa au kuchekwa na mwalimu kwa kuwa amejikojolea, hapo mazungumzo ya upole yamekwisha. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza adhabu ya kumdhalilisha mwanafunzi, iwe ya mwili au ya akili. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya usafi wa kiwango kinachofaa, na cha 53 kinaweka maslahi ya mtoto mbele. Andika barua kwa mwalimu mkuu, ubaki na nakala. Asipojibu, nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Nambari 116 ya kusaidia watoto haitozwi pesa.

Kila Januari, mwalimu wa darasa akibadilika, napeleka barua ya kliniki upya. Nakala moja humwachia mwalimu mkuu, maana walimu wanafunzi wa mazoezi ya kufundisha huja katikati ya muhula na hakuna anayewaambia habari ya ile rula.