Riwaya na duka: majibu yangu kwa aliyeuliza muda unapatikana wapi

Mkuu, umeuliza mambo mawili: mtu mwenye kazi na familia anapata wapi muda wa kuandika riwaya, na je, kuna hela humo. Nianze na hela, maana habari yake ni fupi.

Mkataba wangu wa kwanza ulinipa asilimia 10 ya bei ya kitabu. Kiliuzwa shilingi 8,000, zikachapwa nakala 1,000. Piga hesabu: hata zingeisha zote ni laki nane, kabla ya kodi, kwa kazi iliyonila miaka miwili na nusu. Na hazikuisha. Zilizobaki stoo nikazinunua mwenyewe kwa bei ya punguzo, nikawa nauza kwa simu. Mtu anatuma hela, mimi napeleka bahasha stendi ya Msamvu, inapanda basi la Mbeya au Dodoma. Siku hizi riwaya naitoa kwa vipande WhatsApp. Sehemu kumi za mwanzo bure, kuanzia ya kumi na moja unalipia. Analipa mmoja, wanasoma arobaini. Nilishaacha kugombana nao.

Kwa hiyo nina steshenari hapa Morogoro, na sioni aibu. Shaaban Robert alikuwa karani serikalini. Euphrase Kezilahabi, yule wa Rosa Mistika, alikuwa mhadhiri. Abdulrazak Gurnah alifundisha Chuo Kikuu cha Kent, na Nobeli ya Fasihi ya 2021 ilimkuta ameshastaafu. Anayekwambia uache kazi ndipo uandike, muulize kodi ya nyumba yake inalipwa na nani.

Tena duka ndilo lililonifundisha mazungumzo. Mama anakuja kuchapiwa barua ya kudai matunzo ya mtoto. Haanzi na baba wa mtoto. Anaanza na mvua, anakuja kwenye nauli, anasema mtoto kamwacha kwa jirani na jirani mwenyewe leo kaamka vibaya. Kile kilichomleta anakitaja mwisho kabisa, ameshasimama, mkoba uko begani. Wahusika wangu wa mwanzo walikuwa wanataja shida yao kwenye sentensi ya kwanza, kama mashahidi mahakamani. Siku hizi nawaacha wazunguke. (Kisa cha mteja sikichukui, hiyo ni amana. Nachukua namna ya kusema tu.)

Muda wangu ni saa kumi na nusu alfajiri hadi saa kumi na mbili, siku tano kwa wiki. Lengo ni maneno 500, na mengi yake ni mabaya. Naandika kwa peni nyuma ya karatasi zilizoharibika kwenye mashine ya kopi, kisha nachapa dukani mchana wateja wakipungua. Kule kuchapa ndiko rasimu ya pili, kwa sababu sentensi inayonichosha kuichapa itamchosha na msomaji. Na siachi kazi mahali pazuri pa kupumzikia. Naacha mtu kashika kitasa, mlango haujafunguka. Kesho yake najua pa kuanzia hata kama nimelala kwa muda wa saa nne tu.

Jambo jingine ni daftari. Mwaka 2019 nilimuua mjomba wa mhusika mkuu kwenye sehemu ya 12. Sehemu ya 31 mjomba yuleyule akatokea barazani anakunywa chai ya tangawizi. Simu zilizopigwa siku ile! Mzee mmoja aliniuliza kwa upole kama arobaini imeshafanyika. Tangu hapo kila mhusika ana ukurasa wake: umri, kazi, nani kafa lini, na hasa anamwitaje nani. Mhusika wangu mmoja mbele za watu anamwita mumewe Baba Asha. Siku akimwita kwa jina, msomaji anajua kimenuka, na mimi sijaandika neno "hasira" popote.

Sasa tuje kwenye -ka-, ile ya kusimulia tendo baada ya tendo, ambayo imenisumbua kuliko kingine chochote. Sisi tumelelewa na hadithi za bibi, kwa hiyo mkono unakwenda wenyewe: aliingia, akaketi, akavua viatu, akaomba maji, akanywa. Ni tamu masikioni, lakini kila tendo linakuwa na uzito uleule na msomaji anateleza tu hadi mwisho wa ukurasa. Unapotaka asimame, ikate. "Aliingia, akaketi, akavua viatu. Maji hakuomba." Hapo msomaji anajiuliza kuna nini kati ya huyu mgeni na mwenye nyumba. Nikipitia rasimu natafuta -ka- nne zilizofuatana, na karibu kila mara kuna moja iliyoficha jambo ambalo ndilo nililotaka kusema.

Soma kwa sauti pia. Mimi nasoma jikoni mke wangu akipika. Hasemi kitu, ila akiacha kukoroga najua nimepatia, na akianza kuimba nafuta ukurasa.

Kuhusu wahariri: wazuri wapo na nawaheshimu, mmoja aliniokoa na sura nzima iliyokuwa hotuba. Lakini mwingine alibadilisha maneno ya konda wangu, "Oya shuka, unazubaa nini!", yakawa "Tafadhali teremka upesi." Konda gani huyo? Tulivutana wiki mbili. Msimulizi wangu anasema Kiswahili sanifu, lakini vinywa vya watu ni vyao. Nilirudishiwa nusu ya maneno yangu, nusu nyingine imo kitabuni hadi leo na sipendi kuzifungua kurasa zile.

Ukimaliza muswada, ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, inaombwa Maktaba ya Taifa, wala si jambo la kukutisha. Ipo pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa 2022. Washindi wa kwanza walitangazwa Aprili 2023. Soma masharti yao kabla ya kuanza kumwaga vipande mtandaoni, usije ukajifungia mlango mwenyewe.

Umesema sura ya kwanza imekukwama miezi minne. Weka hapa aya yake ya kwanza, hivyohivyo ilivyo, usiipambe. Nitaipitia kesho alfajiri nikishamaliza zangu 500.