Barua kwa mwanangu: Nani alilipwa?

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mamako magoti yamsumbua kidogo, lakini sokoni aenda mwenyewe, hataki kutumiwa mtu.

Ujumbe wako nimeusoma. Wasema mwenzio wa kazi hapo Bristol alikuuliza, mkinywa chai, mbona Waafrika wadai fidia ya utumwa na ukoloni ilhali aliyemiliki na aliyemilikiwa wote ni mifupa. Kisha akakumaliza: nyinyi watu wa pwani si mliuza watu wenyewe? Ukanyamaza. Sasa wataka kujua ungemjibu nini.

Mimi si mwanahistoria, wajua hilo. Lakini miaka niliyokaa ukarani kwa mawakili hapa Mombasa ilinifunza kuuliza jambo moja kabla ya yote: nani alilipwa, na risiti iko wapi? Basi tuanze na risiti zao.

Uingereza ilipopitisha sheria ya kufuta utumwa katika makoloni yake, 1833, ilitenga fidia ya pauni milioni 20, kama asilimia 40 ya matumizi ya serikali kwa mwaka. Wakapewa wenye watumwa. Watumwa wenyewe, watu kama laki nane, hawakuona hata senti, na wengi wao wakalazimishwa kuwatumikia mabwana wale wale hadi 1838, eti wazoee uhuru kwanza. Serikali ilikopa ili ilipe, na mkopo huo haukumalizwa hadi 2015. Juzi hiyo! Wewe ulikuwa umeshavaa sare za shule. Kwa hiyo mwenzio, kama alikuwa akikatwa kodi miaka hiyo, ameshachangia fidia ya utumwa, ila ilikwenda kwa waliomiliki. Hapo vifo vya wahusika havikumzuia mtu kulipa.

Na Ufaransa? Haiti walijikomboa kwa vita, wakatangaza uhuru 1804. Mwaka 1825 zikaja manowari na dai la faranga milioni 150, kufidia walowezi waliopoteza mashamba na watu. Baadaye likapunguzwa hadi milioni 90, lakini mikopo waliyochukua ili kulilipa iliwaandama hadi 1947. Waliokuwa watumwa ndio waliolipa.

Swali la pili, la kuuza watu, ndilo lililokubana, nami sitaki ulikatae. Misafara ya bara iliongozwa na Waarabu na Waswahili. Mashamba ya Malindi na ya hapa kwetu yalilimwa na watumwa. Kengeleni wapajua, umepita hapo na matatu tangu utotoni. Ile kengele ni ya wamisionari wa Frere Town, kijiji walichokianzisha miaka ya 1870 kwa watu waliookolewa majahazini, na ilipigwa kuwatahadharisha wakija watu wa kuwarudisha utumwani. Waliohofiwa hawakutoka London, mwanangu. Walitoka hapa hapa.

Ila mwambie asilifunge jalada mapema. Mwaka 1907, Waingereza walipoufuta utumwa kisheria katika ukanda huu wa pwani, walifanya yale yale ya 1833: bwana aliyekwenda mahakamani kudai hasara yake alifidiwa, na aliyeachwa huru akatoka mikono mitupu. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi. Kila mwenye dai alete ushahidi wake. Wenye mashamba wakapata hati. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo, hawakupata; na waliotoka utumwani wangeleta ushahidi gani? Wakabaki juu ya ardhi ya mtu, au ya taji la Kiingereza. Wajukuu zao ndio hawa tunaowaita maskwota.

Hili nimelishika kwa mikono yangu. Alikuja mzee mmoja wa Kisauni ofisini na mfuko wa plastiki umejaa risiti za kodi waliyomlipa mwenye kiwanja: zake, za babake, nyingine zimeliwa na mende. Nyumba walijenga wao, ardhi ikawa ya mwingine, nayo ilikuwa imeuzwa juu ya vichwa vyao. Alizitoa moja moja akazipanga mezani kwa miaka, akiamini ndizo zitakazomwokoa. Wakili alizigeuzageuza, akavua miwani, akamwambia kwamba kisheria risiti hizo zathibitisha jambo moja tu: kuwa kiwanja si chake. Mimi ndiye niliyezikusanya na kumrudishia mfukoni.

Kwa hiyo nikisikia Umoja wa Afrika uliufanya mwaka 2025 kuwa mwaka wa haki kwa njia ya fidia, nafurahi, na papo hapo nauliza mzee yule yumo? Nchi za Karibi, tangu walipounda tume yao ya fidia 2013, wameandika madai yao hoja kwa hoja, kuanzia kuombwa radhi rasmi hadi kufutiwa madeni. Sisi twapenda makongamano hotelini. Na si kwamba tulikosa watu: Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa mji huu, aliteuliwa 1992 katika jopo la Afrika la kushughulikia fidia, naye ni wa ukoo uliotawala Mombasa hadi 1837, zama za watumwa. Hilo halikumzuia kudai. Lisikuzuie wewe. Ila anayedai ng'ambo afungue na majalada ya nyumbani.

Na karatasi hushinda, usidhani ni ndoto. Wazee wa Mau Mau, waliopigania uhuru wa Kenya, waliishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya kambini. 2011 ikabidi ikiri kwamba ilikuwa imeficha majalada ya kikoloni huko Hanslope Park, jengo la serikali nchini mwao. Mwaka 2013 ikatangaza pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa watu 5,228. Ikasema yasikitika, kuwajibika ikakataa. Fedha ni kidogo kwa waliohasiwa na kupigwa kambini, lakini walilipwa wakiwa hai.

Sasa nina ombi. Orodha ya waliolipwa zile pauni milioni 20 iko wazi, imewekwa na chuo kikuu cha University College London, UCL, yenye madai zaidi ya arubaini elfu. Tafuta sehemu ya Morisi, kile kisiwa waitacho Mauritius. Watu wetu wa Kilwa na Msumbiji walipelekwa huko, na mabwana zao wamo humo kwa majina na kiasi walichopokea. Nichapishie kurasa chache unitumie kwa yeyote anayekuja likizo, herufi ziwe kubwa. Na mwenzio huyo, mwite mkae naye mkizitafuta.

Babako