Helmeti sawa, lakini anzeni na makutano

Mleta uzi ameuliza kifanyike nini kwanza ili mtu wa kawaida aende kazini kwa baiskeli bila roho mkononi. Wengi hapo juu wamemjibu helmeti na reflekta. Mimi niko kwenye tandiko kila siku mwaka wa kumi na moja huu, na nasema anzeni na makutano.

Helmeti navaa, taa ninazo mbele na nyuma, sina ugomvi navyo. Ila helmeti inasubiri ugongwe kwanza ndipo ifanye kazi. Aliyenikosakosa mimi alikuwa na lori refu. Tulisimama pamoja kwenye taa, nikajibana ubavuni mwake nikidhani kaniona. Taa ikaruhusu, akakata kona upande wangu. Kichwa cha lori kikapita mbali kabisa, nikashusha pumzi. Kumbe magurudumu ya nyuma hayakanyagi yalipokanyaga ya mbele, yanakatia ndani! Nikaliona tairi linanijia polepole, kama halina haraka na mtu. Nikairuka baiskeli, nikaangukia juu ya ukingo. Rimu ilipinda nane. Dereva hakujua lolote hadi watu walipopiga kelele, na simlaumu sana, maana pale nilipokuwa vioo vyake havifiki.

Dawa ipo. Baiskeli zipewe mstari wao wa kusimama mita kadhaa mbele ya ule wa magari, au taa yao iruhusu sekunde chache mapema. Waholanzi wamekwenda mbali zaidi: wanajenga kisiwa kidogo cha zege kwenye kona. Mwenye gari hawezi kuikata kona kwa kasi, na anapoifikia njia ya baiskeli gari limeshageuka, kwa hiyo anakuona mbele yake badala ya kukutafuta kwenye kioo.

Halafu mwendo. Gari likiwa kwenye 50 lina nguvu ya kishindo karibu mara tatu ya likiwa kwenye km 30 kwa saa. Paris waliweka kikomo cha 30 karibu mji mzima mwaka 2021. Lakini kibao peke yake ni pambo kama barabara yenyewe ni pana na imenyooka. Ibaneni, wekeni matuta.

Njia ya baiskeli iliyochorwa kwa rangi tu mimi naiita maegesho. Mkiichora sambamba na magari yaliyoegeshwa ndiyo mbaya zaidi, mlango mmoja ukifunguliwa umekwisha. Kanuni za barabarani za Uingereza zilizorekebishwa 2022 zinamwambia aliyemo garini, inapowezekana, afungue mlango kwa mkono ulio mbali nao. Jaribu leo uone: mwili unageuka wenyewe na macho yanaangalia nyuma.

Na jambo dogo ambalo wahandisi wasiopanda baiskeli hawalioni: vyuma vya mfuniko wa mtaro vikilala kufuata barabara, tairi jembamba linazama katikati yake na wewe unatangulia kwa kichwa. Vikiwekwa kukingama, tatizo limekwisha. Mmoja kwenye njia yangu niliupiga picha na kuupeleka ofisi inayohusika mara tatu, kimya. Mara ya nne niliweka na picha ya goti langu. Walikuja watu wawili, wakaugeuza, haikuchukua hata nusu saa. Sasa nimeanza kuufuatilia wa barabara ya pili.