Katuni humvua jambazi ufahari wake

Swali la wiki hii liliuliza kama katuni fupi zinazozifanyia mzaha filamu za majambazi huufanya uhalifu uonekane mchezo. Nasema hapana, na nasema kwa moyo wote. Kinachoupamba uhalifu ni zile filamu zenyewe: suti iliyonyooka, kofia iliyoinamishwa, chumba kizima kunyamaza bosi anapoingia. Hollywood ya miaka ya 1930 ilimkweza jambazi filamu nzima, kisha ikamuua dakika za mwisho ili sheria ionekane imeshinda. Watu walitoka ukumbini wakiikumbuka suti.

Katuni inamshika hapo hapo kwenye ufahari. Itazame Thugs with Dirty Mugs, iliyoongozwa na Tex Avery mwaka 1939. Bosi wa genge amechorwa afanane na Edward G. Robinson, mwigizaji aliyevuma kwa kuigiza majambazi. Katikati ya hadithi, kivuli cha mtazamaji kinainuka mbele ya skrini kutaka kuondoka. Jambazi anamwamuru akae, asije akamchongea kwa polisi. Na kweli, baadaye anamchongea! Filamu ameshaitazama mara mbili, kwa hiyo anajua wizi utafanyika wapi na saa ngapi. Bunduki itamsaidia nini jambazi ambaye ukumbi mzima unaijua siri yake? Hatimaye anaadhibiwa kwa kuandikishwa sentensi ubaoni, kama mtoto mtundu wa shule. Yote hayo kwa muda usiofika dakika kumi.

Zipo katuni zinazonakili tu mmiminiko wa risasi na kuongeza damu. Hizo sizitetei.

Mzaha mzuri unataka mtu aliyeisoma filamu kwa makini, anayejua taa ikae wapi na muziki ukatike lini. Nick Park alilionyesha hilo katika The Wrong Trousers (1993), iliyotengenezwa kwa vinyago vya plastisini na kushinda Oscar. Mwizi wa almasi ni pengwini asiyetamka neno, mwenye macho kama vitone viwili, lakini vivuli na muziki vinatutisha kabisa. Halafu anavaa glavu nyekundu ya mpira kichwani ili aonekane kuku, na hofu inageuka kicheko bila kutoweka. Ananaswa ndani ya chupa ya maziwa, kisha anafungiwa katika bustani ya wanyama. Sidhani kuna mtoto anayemaliza kuitazama akitamani kuwa yeye.