Kompyuta za msaada zimelala Kayole

Ndugu, nimekuelewa: kituo chenu cha vijana Kayole, Nairobi, kilipewa kompyuta kutoka Uingereza, na mwaka haujaisha nusu yazo haziwaki. Tafadhali msiombe nyingine kwanza. Mfadhili huleta mashine. Stima inayopotea, vumbi, vipuri na malipo ya fundi hubaki kwenu. Tafuteni vifaa vya kudhibiti stima, kisha mfundishe matengenezo vijana wa mtaa, angalau wawili, kwa sababu mmoja akipata kazi kwingine mmekwama.

Waulizeni pia watumiaji wanataka nini. M-Pesa, kabla ya kuzinduliwa 2007, ilijaribiwa kwa kulipia mikopo midogo. Watu wakaitumia kutumiana pesa, na huduma ikajengwa juu ya hilo.

Mkihifadhi taarifa za watoto, muoneni wakili: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu.