Rangi ya ndege kubwa ya rimoti: mizani itangulie bomba la kupulizia

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Moshi, mtaa wa Pasua. Nimejenga ndege ya rimoti mfano wa Cessna Caravan, kipimo cha 1 kwa 6. Mabawa ni mita 2.65 ncha hadi ncha, ya stairofomu yenye mhimili wa mbao ndani. Kiwiliwili na mkia ni plaiwudi nyembamba na balsa. Injini ni ya petroli, cc 35. Bila rangi ina kilo 8.1. Nataka ing'ae kama zile zinazotua Kisongo. Nilijaribu rangi ya kopo la kupuliza kwenye kipande cha stairofomu, kikaliwa chote. Fundi rangi wa magari hapa mtaani anasema nipake kwanza resini ile ya kutengenezea mabampa, halafu puti, praima, kisha rangi ya gari. Nimsikilize? Na ribiti, vile vichwa vya pini za kuunganishia bati, nitaziigaje? Nitairushia Arusha, shambani kwa mjomba.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hongera kwa kazi kubwa. Caravan halisi ina mabawa ya karibu mita 15.9, kwa hiyo vipimo vyako viko sawasawa.

Nianze na resini, maana hapo unaweza kupoteza mabawa yote kwa asubuhi moja. Resini ya mabampa kwa kawaida ni poliesta, na ndani yake mna staireni. Stairofomu nayo imetengenezwa kwa staireni hiyo hiyo, kwa hiyo resini itaiyeyusha kama ilivyofanya rangi yako. Fundi wako hajakosea kwa kazi yake; bampa haliyeyuki. Wewe tafuta epoksi, ile nyepesi ya kulowesha kitambaa na si gundi nzito ya dakika tano. Epoksi haili stairofomu. Ikishakauka inakuwa ngozi ya kuzuia tina, kile kimiminika cha kulainishia rangi, isifike chini, ila ngozi hiyo isiwe na matundu. Tundu dogo kama la sindano linatosha: tina inapenya, inakula stairofomu kimyakimya, na wiki moja baadaye unaona bonde chini ya rangi nzuri. Kwa hiyo kabla ya rangi yoyote, mulika bawa kwa tochi ya pembeni chumbani palipo na giza, na kila tundu utakaloliona lizibe kwa epoksi.

Sasa uzito, ambao ndio moyo wa swali lako ingawa hukuuliza. Nimefanya kazi ya bodi na rangi za ndege halisi kwa miaka mingi, na huko ndege ikishapakwa rangi upya hupimwa upya, kwa sababu rangi ina kilo zake na kilo hizo zina mahali zinapokaa. Kwenye modeli watu husahau jambo hili, na kwenye modeli ndiko linakouma zaidi.

Piga hesabu nami. Ukijumlisha mabawa juu na chini, kiwiliwili na mkia, ndege yako ina eneo la mita za mraba 3.3 hivi. Rangi ya gari pamoja na praima yake huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Rangi iliyokauka ina uzito wa takriban gramu 1.3 kwa kila sentimita ya ujazo. Kwa unene wa mikroni 150 unapata zaidi ya gramu 600, na puti haijaingia. Ukishuka hadi mikroni 40, ambazo zinatosha kabisa kufunika na kung'aa, ni kama gramu 170. Macho hayataona tofauti, lakini bawa litaisikia.

Halafu kuna mkia. Nyuso za mkia wako, pande zote mbili, zinakaribia nusu mita ya mraba. Kwa unene ule wa gari hiyo ni karibu gramu 100. Kwa kipimo chako, kutoka kitovu cha uzito, yaani mahali ndege inaposawazika, hadi katikati ya mkia ni kama sentimita 115, na kutoka hapo hadi sehemu ya puani unakoweza kuweka betri ni kama 55. Kila gramu 100 za mkiani zitadai gramu 210 za madini ya risasi puani ili ndege isawazike. Umepaka gramu mia, umelipa mia tatu.

Na wewe unaileta Arusha. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Saa tisa alasiri, joto likiwa nyuzi 30, hewa ya huku ina takriban asilimia 80 tu ya uzito wa hewa ya usawa wa bahari yenye nyuzi 15. Hewa nyepesi inanyanyua kidogo, hivyo ndege inalazimika kwenda kasi zaidi ili isianguke. Kwa kilo 8.1 na eneo la bawa lako, kasi ya chini kabisa ya kubaki angani katika hewa ile ya usawa wa bahari ni kama kilomita 41 kwa saa. Alasiri ya Arusha inakuwa 46. Iongezee kilo 1.3 za resini nzito, puti, rangi ya gari na risasi ya puani, inafika 49. Injini nayo inapumua hewa hiyo hiyo, kwa hiyo nguvu yake imepungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Ruka asubuhi hewa ingali ya baridi, lakini usitegemee asubuhi ikuokoe na uzito ulioupaka mwenyewe.

Kwa hiyo kazi ifanyike hivi. Kwa mabawa na kiwiliwili chukua kitambaa cha faibaglasi cha gramu 25 kwa mita ya mraba, kile chepesi kinachoonyesha mkono ukikiinua. Kitandaze kikavu, kipapase kwa brashi laini mpaka kilale bila mikunjo, kisha mimina epoksi kidogo katikati na uisukume kuelekea kingo kwa kadi ya benki iliyoisha muda. Ukimaliza kusukuma, viringisha roli ya karatasi ya chooni juu yake. Itanyonya epoksi iliyozidi. Chana karatasi iliyolowa, viringisha tena. Uso ukiwa umefifia na nyuzi za kitambaa zinaonekana, umepatia. Ukiwa unang'aa kama kioo, epoksi imebaki nyingi. Epoksi inayobaki isizidi sana uzito wa kitambaa chenyewe, na njia ya kujua ni kupima bawa kabla na baada. Mizani ya jikoni ya kidijitali inatosha.

Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya huku hufanya epoksi kuwa nzito, ikabaki nyingi kitambaani. Usiilainishe kwa tina. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kuchanganya, na fanya kazi mchana. Ikikauka ikawa na utelezi kama mafuta, ioshe kwa maji na sabuni kabla ya msasa. Ukiusugua utelezi ule ndani, rangi itabanduka.

Mkia usiufunike hivyo. Kwenye elevata (kibao cha mkia kinachopandisha na kushusha pua) na usukani wa mkia tumia filamu nyembamba ya pasi, yaani plastiki inayobandikwa kwa joto la pasi, au karatasi ya hariri na epoksi kiduchu sana. Hapa kuna sababu nyingine mbali na risasi ya puani. Uzito unaowekwa nyuma ya bawaba ya elevata au ya aileroni (kibao cha bawa kinacholaza ndege upande) huifanya itamani kutikisika yenyewe ndege inapoenda kasi. Mtikisiko huo ukianza, unakata bawaba na kuvunja meno ya sevo, zile mota ndogo zinazosukuma vibao hivyo, kwa sekunde chache. Rangi nene kwenye ukingo wa nyuma wa elevata ni hatari kuliko rangi nene mahali pengine popote. Hakikisha pia fimbo za kuunganisha sevo hazina mchezo hata kidogo, na sevo za mkiani ziwe za meno ya chuma.

Puti ya magari iache kabisa. Ni nzito, na kwenye ngozi inayopinda itapasuka. Mabonde madogo yajaze kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa vipovu vya kioo ukiweza kuuagiza. Bonde ambalo hulioni ukiwa umesimama hatua tatu, liache. Praima ipulize nyepesi, kisha isugue kwa msasa wa maji namba 400 mpaka karibu yote iondoke na ibaki kwenye vinyweleo tu. Watu huumia moyo kuiona praima yao ikienda na maji, lakini kazi yake ilikuwa kujaza vinyweleo. Baada ya hapo, rangi mkono mmoja mwembamba na wa pili wa kufunika. Mistari ya pembeni itie kwa utepe mwembamba wa kufichia, na uubandue rangi ikiwa bado laini. Siku za masika usipulize mvua ikiwa hewani: unyevu hushika rangi inapopoa na kuiachia ukungu mweupe.

Kwa kuwa una injini ya petroli, rangi yako lazima istahimili petroli na mafuta ya moshi wake. Rangi ya gari ya kuchanganya na kigumishi inafaa, na hapo fundi wako ana kazi nzuri ya kukufanyia. Ila nakuomba hili kwa dhati: vigumishi vya rangi hizo vingi vina isosianati, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haitoshi kuizuia. Mtu anayepuliza awe na barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, na mtoto asiwe karibu. Kama fundi hana vifaa hivyo, usimpe kazi hiyo na usiifanye mwenyewe uani. Kuna filamu za pasi zinazostahimili mafuta. Zitandaze juu ya faibaglasi, ndege itapendeza.

Ribiti nilizifurahia ulipoziuliza, maana Caravan ni ndege ya bati la alumini na ribiti ndizo sura yake. Chukua gundi nyeupe ya mbao, itie kwenye bomba la sindano lenye ncha butu, na uweke nukta ndogo kando ya rula baada ya praima na kabla ya rangi. Inaponyauka inabaki kichwa cha ribiti. Jizoeze kwanza kwenye kipande cha plaiwudi mpaka nukta zilingane. Mistari ya mabati ipate kwa kubandika utepe mwembamba, kupuliza praima juu yake, kusugua kidogo na kuubandua. Unabaki ufa mwembamba sana usio na uzito wowote. Weka ribiti mahali jicho linapofika ndege ikiwa chini: ubavuni, mlangoni, kwenye shina la bawa. Juu ya mkia usiweke.

Betri na kipokezi usivifunge kwa kudumu mpaka rangi ikauke. Ndipo uipime ndege nzima kwa vidole viwili chini ya bawa, kitovu kikiwa asilimia 25 hadi 30 ya upana wa wastani wa bawa kutoka ukingo wa mbele, yaani kama sentimita 7 hadi 8 kwako, na usogeze betri badala ya kuongeza risasi. Injini iliyorekebishwa Moshi ikifika Arusha itakuwa inakunywa petroli nyingi kuliko hewa inayopata, hivyo sindano ya kabureta ifunge kidogo kidogo hapo hapo uwanjani. Na kabla ya siku hiyo, mwulize mjomba shamba liko upande gani wa uwanja wa Kisongo, kisha wasiliana na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kuhusu kibali.

Nitumie uzito wa kila bawa na wa mkia kabla ya kitambaa na baada yake. Bawa moja likizidi jingine kwa gramu 30 au zaidi, usipulize rangi kwanza. Tutalisawazisha kabla halijafunikwa.